ASIYEWEZA KUINAMA AFANYEJE?

 

Wahenga walisema kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi na hakuna asiyeijua maana yake. Lakini hebu tujiulize: yule ambaye magoti yamekataa kukunjika na kiuno kimekuwa kama gogo, je, afanyeje? Akose cha mvunguni maisha yake yote? Swali hili si mzaha. Linamhusu nyanya yangu anayeishi kule Nyandarua, na bila shaka linamhusu nyanya au babu yako pia. Ndiyo maana wenzangu walipochagua kuandika mashairi na vitendawili, mimi nimeonelea niandike kuhusu maradhi ya viungo, ambayo wengi wetu tunayaita baridi yabisi.

Mimi si daktari. Niko kidato cha tatu. Hata hivyo, kwa muda wa miaka miwili nimekuwa nikiandamana na nyanya kliniki kila likizo, nikimwuliza muuguzi maswali mpaka ananiita "wakili". Haya niandikayo ni yale niliyojifunza huko pamoja na yale niliyosoma.

NI UGONJWA GANI HUU?

Mahali mifupa miwili inapokutana, kama vile kwenye goti au kiwiko, panaitwa kiungo. Ncha za mifupa hiyo zimefunikwa na gegedu, kitu laini na chenye kuteleza. Kisha ndani ya kiungo mna ute unaofanya kazi kama ile oili fundi anayotia kwenye mnyororo wa baiskeli. Mambo haya yakiwa sawa, mtu hukimbia, huruka na kucheza ngoma bila kukumbuka hata kwamba ana magoti. Yakiharibika, basi! Kila hatua ni kilio.

Maradhi ya viungo yako ya aina zaidi ya 100. Nitataja tatu tu ambazo ni muhimu kuzipambanua, kwa sababu dawa ya moja si dawa ya nyingine.

Ya kwanza ni ile ya gegedu kuchakaa, ambayo madaktari huiita osteoathraitisi. Hii ndiyo imeenea zaidi. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba mwaka wa 2019 watu wapatao milioni 528 duniani walikuwa nayo, na wengi wao walikuwa wanawake na watu waliopita umri wa miaka 55. Hupenda magoti, nyonga na vidole. Asubuhi viungo hukakamaa kidogo, lakini mtu akishatembeatembea kwa muda usiofika nusu saa hulegea. Hii ndiyo aliyo nayo nyanya yangu.

Ya pili ni rumatoidi athraitisi. Katika hii, kinga ya mwili inayopaswa kupigana na viini vya magonjwa hugeuka na kushambulia viungo vya mwenyewe. Ni kama askari wa usiku anayemgeukia mwenye duka! Huanza mara nyingi kwenye viungo vidogo vya mikono na miguu, kulia na kushoto kwa pamoja, na asubuhi mtu huweza kukaa saa nzima au zaidi kabla vidole havijakubali kufunga kifungo cha shati. Wanawake huipata mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume.

Ya tatu ni jongo. Hii huletwa na asidi ya yuriki inapozidi katika damu, ikagandamana kuwa chembe zenye ncha kama sindano ndani ya kiungo. Mara nyingi hupiga kidole gumba cha mguu, tena usiku wa manane. Mwenye jongo anaweza kushindwa kuvumilia hata uzito wa shuka.

MAMBO YA KUSIKIA MITAANI

Kabla sijaingia katika mawaidha yenyewe, ningependa kung'oa magugu shambani kwanza. Yako mengi yanayosemwa kuhusu ugonjwa huu ambayo hayana msingi.

Eti huletwa na baridi. Jina lenyewe limetupotosha. Neno yabisi maana yake ni kavu au gumu, na kweli viungo huwa vigumu. Lakini baridi si chanzo. Watu wa Mombasa wanaotoa jasho mchana kutwa pia huugua viungo. Ni kweli kwamba wagonjwa wengi huhisi maumivu yakiongezeka wakati wa baridi, kwa hivyo sweta na soksi nzito ni za maana, hasa kule kwetu ambako mwezi wa Julai umande unaweza kuganda. Ila mtu asidhani akihamia pwani atakuwa amepona.

Eti ni ugonjwa wa wazee pekee. Sivyo! Nitalieleza hili mbele kidogo.

Eti kualisha vidole huuleta. Najua wako wenzangu katika darasa letu ambao kabla ya kuandika insha lazima vidole vilie ko! ko! ko! Basi sikilizeni kisa hiki. Daktari mmoja wa California, Marekani, kwa jina Donald Unger, alikatazwa tabia hiyo utotoni. Akaamua kufanya jaribio kwa mwili wake mwenyewe. Kwa miaka 50 alialisha vidole vya mkono wa kushoto tu, akaacha vya kulia vitulie. Mwaka wa 1998 alitangaza matokeo: mikono yote miwili haikuwa na ugonjwa wa viungo. Mtu mmoja si ushahidi wa kutosha kumaliza hoja, lakini uchunguzi mwingine pia haujaona kwamba kualisha vidole huleta maradhi haya. (Hata hivyo, mwalimu akiwa anafundisha, tuviache vitulie. Makelele ni makelele.)

Eti mgonjwa hapaswi kufanya chochote ila kukaa. Uongo huu ndio mbaya kuliko wote. Majirani walimwambia nyanya, "Wewe umefanya kazi ya kutosha, kaa kwenye kiti wajukuu wakuhudumie." Walisema kwa mapenzi. Naye akakaa. Miezi mitatu ikapita, na yule aliyekuwa akienda kanisani kwa miguu akawa hawezi kufika kwenye zizi la ng'ombe bila kushikwa mkono. Jambo lililomwuma zaidi halikuwa goti. Lilikuwa kuomba. Kuomba maji, kuomba kusindikizwa chooni, kuomba kuokotewa kijiko kilichoanguka. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, jamani.

Muuguzi alitueleza sababu. Misuli ya paja ndiyo inayolishikilia goti. Mtu asipoitumia hunyong'onyea, nalo goti hubeba mzigo wote peke yake. Kwa hivyo kukaa kitako mchana kutwa huongeza ugonjwa badala ya kuupunguza.

MAZOEA YA KILA SIKU

Sasa tuje kwenye kiini cha makala haya. Haya ndiyo mazoea yanayosaidia, na mengi hayahitaji hata ndururu.

Kwanza, kutembea na kunyoosha viungo. Madaktari huwashauri watu wazima wajizoeze kwa dakika 150 hivi kwa wiki. Ukisikia hesabu hiyo unaweza kuogopa, lakini haba na haba hujaza kibaba. Nyanya alianza kwa kwenda mpaka langoni na kurudi, mara tatu kwa siku. Siku hizi anafika dukani. Pia ana zoezi la kitini: anaketi, ananyoosha mguu mmoja mpaka ulingane na paja, anauweka hivyo huku akihesabu mpaka tano, kisha anaushusha polepole. Anafanya hivyo mara kumi kila mguu. Lingine ni kusimama na kuketi bila kujishikilia, mara chache chache. Je, utajuaje umezidisha? Maumivu kidogo wakati wa zoezi si kitu cha ajabu. Lakini yakiwa makali kuliko kawaida na yakaendelea kwa zaidi ya saa mbili baada ya zoezi, kesho punguza. Usiache, punguza.

Pili, uzito wa mwili. Hapa wanene wasinikasirikie, maana sitanii. Wataalamu wamepima wakaona kwamba kila kilo moja anayopunguza mtu mnene huliondolea goti mzigo wa kilo nne hivi kwa kila hatua. Hebu piga hesabu: aliyepunguza kilo tano amelitua goti kilo ishirini, yaani ndoo nzima ya maji! Bandu bandu huisha gogo. Kupunguza vijiko vitatu vya sukari kwenye chai viwe kimoja, chapati mbili ziwe moja na sukuma wiki iongezwe, ni mwanzo mzuri.

Tatu, joto na barafu. Kiungo kilichokakamaa hupenda joto. Chupa ya maji moto iliyofungwa kwa taulo, au kutia mikono katika karai la maji vuguvugu asubuhi kabla ya kukamua ng'ombe, hulegeza vidole. Kiungo kilichofura na kuwa cha moto hupenda baridi. Barafu ifungwe ndani ya kitambaa, isiguse ngozi moja kwa moja. Dakika 15 hadi 20 zatosha kwa yote mawili.

Nne, kupanga nyumba. Hili ndilo jibu la swali nililoanza nalo. Asiyeweza kuinama, cha mvunguni na kitolewe huko mvunguni kiwekwe mezani! Kwa nyanya tulifanya hivi. Sufuria na unga vilihamishwa kutoka chini vikawekwa kwenye rafu inayolingana na kiuno. Jiko liliinuliwa juu ya matofali. Kile kigoda kifupi cha jikoni kilibadilishwa kwa kiti kirefu, maana kadiri kiti kilivyo chini ndivyo goti linavyoteswa wakati wa kuinuka. Chooni, mjomba alitengeneza kiti cha mbao chenye tundu akakiweka juu ya shimo, akapigilia na mti ukutani wa kushikilia. Siku kile kiti kilipowekwa, nyanya alicheka akasema, "Sasa mimi ni malkia." Nasi tukacheka. Lakini nilielewa kwamba tumemrudishia heshima yake.

Tano, kubeba kwa akili. Badala ya mtungi wa lita ishirini mgongoni, mitungi ya lita tano miwili, mmoja kila mkono, au mkokoteni. Mpini wa jembe na wa kisu unaweza kuzungushiwa mpira wa tyubu kuukuu uwe mnene, kwa sababu mpini mwembamba huwalazimu vidole vinavyouma vibane zaidi. Mlango ufunguliwe kwa bega, si kwa vidole. Kazi igawanywe: palilia mstari mmoja, pumzika, palilia mwingine. Mwenda pole hajikwai.

Sita, mkongojo. Wengi huushika upande mbaya. Mguu wa kulia ukiwa ndio mgonjwa, mkongojo ushikwe kwa mkono wa kushoto, na uende mbele pamoja na ule mguu mgonjwa. Jaribu mwenyewe utaona vile uzito unahama. Mpira wa chini ukichakaa ubadilishwe, la sivyo mkongojo utateleza na kumwangusha mwenyewe.

Saba, chakula. Hakuna chakula kinachoponya baridi yabisi, hata wauzaji waseme nini. Lakini mboga, matunda, maharagwe na samaki ni bora kwa mwili. Mafuta ya samaki yameonekana kupunguza kidogo maumivu ya wenye rumatoidi. Hapa ndipo umuhimu wa kupambanua aina za ugonjwa unapoonekana, kwani dagaa wa baharini, wanaofaa kwa yule, wanaweza kumwamshia jongo huyu. Mwenye jongo apunguze nyama nyekundu, maini, figo, matumbo, pombe na soda, na anywe maji kwa wingi. Kwa hivyo zile Jumapili za nyama choma na chupa kadhaa za bia, bwana, si rafiki wa kidole gumba.

Nane, sigara. Sigara huongeza uwezekano wa kupata rumatoidi, na kwa aliye nayo huizidisha. Sina la kuongeza hapo.

TAHADHARI KUHUSU DAWA

Tabia ya kuingia dukani na kusema "nipe ya maumivu" imeenea mno. Vidonge kama aibuprofeni na diklofenaki husaidia kweli, lakini vikimezwa kila siku bila ushauri vinaweza kutoboa tumbo vidonda na kudhuru figo, hasa kwa wazee na wenye shinikizo la damu. Isitoshe, wako wanaouza unga au maji ya chupa sokoni wakidai ni miti shamba mitupu. Baadhi ya dawa za namna hiyo, zilipopimwa katika nchi mbalimbali, zimepatikana zimechanganywa kisirisiri na dawa kali za hospitali. Ndiyo sababu mgonjwa huamka akirukaruka siku ya pili, kisha baada ya miezi uso unafura na mifupa inadhoofika. Miti shamba ipo iliyo na manufaa, sikatai, lakini mwambie daktari kila unachotumia.

Na kwa rumatoidi, mazoea niliyotaja hayatoshi peke yake. Iko dawa inayozuia kinga ya mwili isile viungo, na ikianzwa mapema, katika miezi ya kwanza, viungo vinaweza kuokolewa. Ikichelewa, vidole vilivyopinda havinyooki tena. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa upande mwingine, kiungo kimoja kikifura ghafla, kikawa cha moto na mtu akashikwa na homa, hiyo si ya kusubiri kliniki ya wiki ijayo. Aende hospitali siku hiyo hiyo.

WENZETU WALIO SHULENI

Niliahidi kurudi kwenye suala la umri. Yuko binamu yangu mwenye miaka 14 anayesoma katika shule ya bweni ambayo sitaitaja. Kila asubuhi alikuwa akichelewa gwaride kwa sababu miguu haikukubali kushuka kitandani. Kufikia saa nne anatembea vizuri, saa kumi anacheza. Basi wenzake wakambandika jina la "Mvivu wa Asubuhi". Adhabu aliyopewa ya kuchelewa ilikuwa kupiga magoti kwenye changarawe. Magoti yale yale! Hakusema kitu kwa muhula mzima, maana nani angemwamini mtoto anayechechemea asubuhi na kukimbia jioni?

Shangazi alipomwona likizoni magoti yamefura alimpeleka hospitali ya rufaa. Ikabainika kwamba ana aina ya ugonjwa huu inayoanza kabla ya miaka 16, na kwamba kukakamaa asubuhi kisha kulegea mchana ndiyo dalili yake hasa. Alipimwa pia macho, kwa sababu aina hii huweza kuyadhuru kimya kimya bila maumivu. Leo anatumia dawa, anaamshwa nusu saa kabla ya wenzake ili anyooshe viungo, na walimu wake wanajua hali yake.

Kwa hivyo, wenzangu, mwanafunzi akiwa na kiungo kilichofura kwa wiki sita au zaidi, au akichechemea kila asubuhi, tusimcheke. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Na walimu wetu wapendwa, kwa heshima na taadhima, nawaomba kabla ya kumwadhibu anayechelewa kila siku, mwulizeni kwanza miguu yake iko vipi.

Tusidhani pia kwamba aliyepatwa na maradhi haya amekwisha. Daktari Christiaan Barnard wa Afrika Kusini, aliyekuwa wa kwanza duniani kumpandikiza binadamu moyo wa binadamu mwingine, tarehe 3 Desemba 1967 mjini Cape Town, alikuwa na rumatoidi tangu miaka ya hamsini. Aliendelea na upasuaji mpaka 1983 mikono ilipomlazimu kustaafu. Mikono iliyokuwa ikimuuma ndiyo iliyoushona moyo ule.

HITIMISHO

Kila mwaka tarehe 12 Oktoba ni siku ya kimataifa ya maradhi haya, iliyoanza kuadhimishwa mwaka wa 1996. Ningependa Chama chetu cha Kiswahili kiandae maigizo siku hiyo, lakini hata tusipofanya hivyo kuna jambo moja ambalo kila msomaji anaweza kulifanya. Ukifika nyumbani likizo hii, tazama vile nyanya yako anavyoinuka kitini. Tazama mahali unga unapowekwa na mtungi wa maji una ukubwa gani. Halafu usimwambie akae. Mshike mkono, mwende naye mpaka langoni na kurudi.